Fundi Muammer na Bunduki ya Upepo

Kazi yangu ni kupiga ukuta. Wenzangu katika karakana ya Hacı Rıfat huchonga mitutu, hutia nakshi, husugua vitako vya mti wa jozi mpaka ving'ae. Mimi naichukua bunduki iliyokamilika, natoka nayo nyuma ya karakana, napiga risasi kwenye ukuta wa udongo, kisha natoa hukumu. Kijiji chetu, huku milimani juu ya mji wa Beyşehir, kinaishi kwa bunduki za marisau kama vijiji vingine vinavyoishi kwa viazi, na mjaribu bunduki ni mtu wa kupishwa njiani. Nami nilipenda mno kupishwa.

Hukumu hutolewa kwa sikio. Mtutu mzima una mlio mmoja uliofunga; wenye ufa usioonekana kwa jicho una mlio wenye mkia. Kwa hiyo kwetu mjaribu hazibi masikio. Anayeweka pamba huchekwa mpaka kwa kinyozi, na aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mimi. Niliwaita bibi harusi. Basi mjue akili ya mtu anayewasimulia: niliyamaliza masikio yangu kwa fahari, moja baada ya jingine, na yalipokwisha nikaona dawa ni kutomwambia mtu.

Ningesema, ningeondolewa ukutani siku hiyo hiyo, na kwa umri wangu karakana gani nyingine ingenichukua? Hata mke wangu Döndü sikumwambia. Wanawake wa kijiji huoka mkate pamoja, na linalosemwa penye tanuri huwa la kijiji kizima kabla mkate haujapoa. Maneno ya watu nilijifunza kuyasoma midomoni; kwa milio ya bunduki nikabuni ujanja. Kila nikijaribu bunduki, nilimtaka Bekir, fundi wa vifyatulio, asimame pembeni mbele yangu, eti aniokotee maganda. Bunduki ikilia vibaya, Bekir hukunja nyusi. Nami nikiziona nyusi natikisa kichwa polepole, kama daktari bingwa, nasema, "Huu unalia na mkia. Rudisheni." Watu walilisifu sikio langu mpaka mjini Konya, nami nilizipokea sifa zote bila haya.

Ndipo akaja mnunuzi kutoka Izmir, Bwana Tuncay. Bunduki za baruti zimedoda, akasema, siku hizi watu wanataka ya upepo. Si zile za kupigia shomoro, bali ya kumwangusha nguruwe pori, yenye mdomo mpana, risasi nene kama kidole cha mwisho, na ijipakie yenyewe kila ukivuta kifyatulio. Hacı Rıfat aliuza shamba la babake, akanunua mashine, tukahangaika majira yote ya baridi. Mgeni akiikubali, karakana inapona. Asipoikubali, tutafute viazi.

Kwetu aina mpya ya bunduki haipigwi kimyakimya. Huchinjwa kondoo dume, hupikwa pilau, familia zote huja, kisha mjaribu anapiga mbele ya macho ya kila mtu. Asubuhi ile nilinyoa, nikavaa kizibao cha sikukuu, nikatoka nje nikimtafuta Bekir. Nikamwona mbali nyuma ya watu, amekunja mikono ya shati, ameshika upawa. Alikuwa mpishi jeshini, na Hacı alikuwa amemkabidhi sufuria.

Nikajiambia, kwani nyusi za nini? Bunduki ni bunduki. Itanipiga bega, nitajua.

Mafundi wakaujaza upepo mtungi wa bunduki, wakanikabidhi. Mdomoni walikuwa wameifunga kizuia sauti kirefu, nami sikukitilia maanani. Nikajipanga kama ninavyojipanga kwa baruti nzito: mguu mbele, bega gumu, meno yamebana. Nikavuta.

Kimya. Kitu kilinigusa bega kidogo, kama mtu anayeomba kupita sokoni. Nikajua imegoma. Sasa, risasi ya baruti ikigoma, mjaribu hageuki wala hafungui bunduki, maana inaweza kulipuka imechelewa. Nikabaki nimeielekeza kwenye shabaha, uso umekaza, nasubiri. Nyuma yangu, nilivyokuja kuambiwa, watu walinong'onezana kwamba leo mzee anapiga kwa heshima. Nikavuta tena. Kimya. Nikasubiri, nikavuta. Nikaendelea hivyo mpaka kifyatulio kikalegea, risasi zimekwisha, na hata hapo sikung'amua. Macho nayo hayakunifaa kitu: katikati ya shabaha ni peusi, na tundu ndani ya weusi halionekani kwa mbali.

Kisha nikageuka kutoa hukumu.

"Hacı," nikasema kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake, "unisamehe mbele ya mgeni, lakini hili ni bomba la baiskeli. Limekufa. Halijatoa risasi hata moja. Nguruwe wako watakufa kwa kicheko."

Bwana Tuncay alikwenda kwenye ukuta, akaibandua karatasi ya shabaha, akaja akanipa mkononi. Katikati palikuwa na tundu moja lenye kingo zilizochanika. Risasi zote zilipita humo humo; sarafu ya lira ingelifunika.

Hacı Rıfat akanishika mabega, akanigeuza nitazame udongo kama mtoto aliyeadhibiwa, akarudi nyuma. Yaliyofuata sikuyasikia, nilisimuliwa.

"Muammer," akasema, "nyumba yako inaungua."

Nikasimama.

"Muammer, Döndü kapanda basi la Konya na kinyozi."

Nikasimama, na inasemekana nilikuwa nikiitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayeafiki.

Aliponigeuza tena, wengine walikuwa wanacheka, yeye hacheki. Akasema polepole, midomo wazi, "Tangu lini?"

"Tangu lini nini?" nikajibu. Uongo wangu wa mwisho, na wala haukuwa mzuri.

Bekir alikuwa amefika, upawa unadondosha mafuta. "Kaka Muammer, basi, imetosha," akanipigia kelele usoni. "Ulidhani nyusi zangu zina kifafa? Nimezikunja miaka yote mpaka mke wangu anataka kunipeleka kwa daktari wa kichwa!"

Kumbe mjanja wa karakana alikuwa Bekir, na mimi nilikuwa mzigo wake.

"Kesho bunduki za baruti atapiga Bekir," akasema Hacı. "Na ataziba masikio. Atakayemcheka, namfukuza."

Nafanya mzaha na mengi katika habari hii, lakini hilo liliniuma. Niliona aibu mpaka sikujua pa kuweka mikono. Bwana Tuncay ndiye aliyeniokoa. "Yangu, ya upepo, apewe huyu huyu," akasema. "Hajashtuka hata mara moja. Sijaona mtu anayetulia hivi."

"Haya, kiziwi mkaidi wewe," akasema Hacı. "Bunduki haisemi, fundi hasikii. Kaeni pamoja."

Watu walicheka, nilijua kwa matumbo yao yalivyotikisika. Nikacheka nao. Nilikuwa nimepona kwa bahati ya mjinga, na tayari nilianza kufikiri jinsi nitakavyojisifu mkahawani kwa kutoshtuka.

Ndipo Döndü akatoka upande wa wanawake na sahani ya pilau. Nilijua nitasutwa. Akasimama karibu nami, pale ninapoweza kuuona mdomo wake, kama alivyomwona Hacı akifanya.

"Baba Zeliha, ni kweli?"

Nikaitikia.

"Tangu Zeliha aolewe?"

"Kabla."

Akaiweka sahani chini, kwenye majani. "Naongea nawe jikoni, unanipa mgongo," akasema. "Naongea nawe kitandani, umelala kimya. Nilidhani umenichoka. Nikaacha."

Ni kweli alikuwa ameacha, nami sikujua siku alipoacha.

"Ulikuwa unaniambia nini?" nikauliza, na nadhani nilipiga kelele, maana vijiko vyote vilisimama.

Döndü akafuta macho kwa ncha ya kitambaa chake, akafikiri kidogo.

"Sikumbuki tena," akasema.