Maelezo ya Masikio ya Kaka

Mtu akiniuliza jina mbele ya watu, nilikuwa naangalia viatu vyangu. Ndiyo maana kaka alinipa mimi kazi ya kuandika.

"Wewe mdomo huna, ila mkono unao," alisema. "Niandikie maelezo ya programu yangu, shangazi aelewe bila kuniita kila saa."

Kaka alikuwa chuo Dar, na likizo ile alirudi Moshi na disketi mfukoni. Shangazi alikuwa na duka la kufuma masweta ya shule, jirani na hospitali ya Mawenzi, na kompyuta alikuwa ameinunua baada ya kaka kumlainisha kwa maneno matamu. Sasa alikuwa amechoka kuifuta vumbi. Akatangaza: asipoweza kuitumia kutoa nembo ya shule, ya mlima na theluji, kwa mkono wake mwenyewe kabla kaka hajapanda basi, anaiuza na kununua mashine ya pili ya kufuma. Kaka akakosa hamu ya kula. Mimi nami sikutaka iuzwe, kwa sababu kompyuta ikiondoka, likizo zangu zote zingekuwa za kuchuma kahawa kwa bibi.

Programu yenyewe haikuwa ngumu. Unafungua picha ya vimraba, kila kimraba ni kitanzi kimoja cha sweta. Unazungushia sehemu kwa kipanya, unaipa jina na rangi ya uzi, nayo inakuambia mstari gani ufume kwa uzi gani. Kimraba usichokizungushia kinafumwa kwa rangi ya sweta, basi.

"Tia na mfano," kaka akasema, akaenda kunywa chai.

Hapo shetani akavuta kiti akakaa karibu yangu. Nikachora kichwa cha kaka kwa vimraba. Masikio yake si ya kuhadithiwa, ukimwona kwa nyuma utadhani kikombe cha mishikio miwili. Nikaandika:

"Kwanza, zungushia sikio. Usihangaike kulitafuta, limejaa skrini. Pili, lipe jina, kwa mfano: sikio lisilomsikia mama. Tatu, nenda kwenye kichwa. Kuwa na subira, hiki ni kigumu. Kila eneo lizungushie kama unavyopanda masale kwenye mpaka wa kihamba."

Sentensi ya mwisho niliipenda sana. Masale kila mtu wa mlimani anayajua, ni mimea ya kuonyesha mpaka wa kihamba, shamba la ukoo: ukishapanda, hata mlevi hayang'oi.

Shangazi akayasoma kwa sauti, dukani kumejaa wateja. Alipofika kwenye jina la sikio akacheka mpaka akashika meza.

"We dogo!" kaka akanigeukia. "Hii ndiyo nini?"

Nikaangalia viatu.

"Mwache mtoto," shangazi akasema. "Leo ndiyo naelewa kitu kwenye hili sanduku. Haya, sikio liko wapi? Aa, hili hapa, Yesu wangu, lote hili?"

Akazungushia mwenyewe, akaenda kwenye mashine, akafuma. Kitambaa kilipotoka tukakiinamia. Kichwa cha kaka kilikuwa katikati, na masikio yalikuwa yanaelea pembeni, kila moja kivyake, kati yake na kichwa uzi wa bluu wa sweta.

"Shangazi, umeacha nafasi!" kaka akasema.

"Nimeacha njia. Masale yatapandwa wapi? Kwenye shamba la jirani?"

"Hapa hakuna jirani! Ni kichwa cha mtu mmoja!"

"Ndivyo wanavyosema wote wanaomega kihamba cha mwenzao."

Kaka akaniambia nifute masale. Nikafuta, nikaandika kwamba maeneo yagusane. Shangazi akasoma, akaguna, akaacha njia vilevile. Theluji ya kwenye nembo ikatoka imekaa hewani, mlima uko chini yake peke yake. Na basi la kaka lilikuwa la kesho asubuhi. Shangazi akaanza kuulizia mashine ya pili inapatikana kwa nani.

Sijui sauti ilinitokea wapi. "Kaka, tatizo siyo maelezo. Panda masale kwenye programu."

"Niyapande vipi?"

"Weka mstari wa kijani katikati ya vimraba, usiokula kitanzi. Na mtu akiingia kwa mwenzake, imkatalie."

Akanitazama kama vile jiwe limeongea. Halafu akaketi, akafungua programu yake, akabonyeza na kulaani mpaka chai ikapoa. Shangazi alipozungushia tena, mstari mwembamba wa kijani ukatokea kati ya mlima na theluji. Akausogelea kwa pua.

"Sasa hiki ndicho kitu," akasema. "Hapa hata mwenyekiti wa kijiji hana kesi ya kusikiliza."

Nembo ikatoka, theluji imekaa juu ya mlima wake. Mteja mmoja aliyekuwa amesikia habari za kuuza akauliza bei ya kompyuta.

"Haiuzwi," shangazi akajibu bila kugeuka. Kisha akanielekezea kidole. "Na wewe, niandikie maelezo ya kofia. Ila huyu mwache, kesho anasafiri. Tafuta mfano mwingine."

Nikaiangalia pua ya shangazi, nikaanza kuchora.