Siku Nywele za Mteja Zilipopotea

Shule nilikaa kidogo tu, nikatolewa nikachunge mbuzi. Nasoma bango la duka, nasoma Biblia polepole na kidole chini ya mstari, basi. Lakini mjukuu wangu! Huyo akishika kitabu utadhani kuna mtu anamkimbiza. Naringa naye, sifichi.

Jumamosi tunatoka wote mtaani kwetu Satellite, nakuja naye kibandani kwangu Kenyatta Market, hapa Nairobi. Hapo nimesuka nywele tangu mama yake nikimbeba mgongoni. Siku hizi vidole vinalalamika, kwa hivyo nagawa mistari tu, na wasichana wangu wanasuka. Kwetu kichwa kimoja kinashikwa na wasusi watatu au wanne kwa pamoja. Mteja anakaa katikati kama bibi arusi, huku anavutwa kila upande, na moshi wa nyama choma unaingia bila hodi. Anaondoka amependeza, na ananukia mbavu za mbuzi.

Mjukuu wangu anakaa kwa kigoda akitusomea kwa sauti. Mwalimu wake alikuwa amemwazima kitabu cha hadithi cha zamani sana, wanasema watoto wengi wamekisoma kabla yake. Ni habari ya kijiji cha mbali na fundi viatu ambaye si wa kabila lao. Ghala la mahindi linaungua, kijiji kizima kinasema ni yeye. Kuna msichana mdogo aliyeona kwa macho yake radi ikipiga paa la ghala. Lakini kila akifungua mdomo wakubwa wanamwambia anyamaze, mpaka ananyamaza kweli, na fundi anafungwa.

Jumamosi hiyo tulifika hapo kwa kufungwa. Mjukuu wangu akafunga kitabu kwa kishindo.

"Mimi siendelei! Huyu msichana ni mjinga. Si aseme tu? Kusema ni ngumu?"

"Soma, wewe," msusi mmoja akamwambia. "Umekuwa jaji?"

"Sisomi!" Akaenda akajikunja nyuma ya mafurushi ya rasta, zile nywele za kusukia, amenuna, tukamsahau.

Kwa kiti alikuwa mteja wangu wa miaka mingi, mama wa ofisi huko mjini, mtu wa viatu virefu na mkoba mzito. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umeisha, upande mwingine nywele zimesimama wima. Hapo ndipo akaomba nywele zake.

Nieleze kidogo. Nywele zinazotoka na kitana hatuzitupi. Tunazikunja kwa kipande cha gazeti na mteja anaenda nazo kwa mkoba, akazichome kwake. Hakuna anayesema ni kwa nini, na hakuna asiyejua. Mchawi akipata nywele yako, amekupata wewe. Mimi ni mtu wa kanisa, siamini hayo. Lakini gazeti nakunja.

Siku hiyo gazeti lilikuwa mezani, limefunguka, na ndani hakuna kitu.

"Nywele zangu ziko wapi?" mteja akauliza. Tukaangalia chini, tukainua viti. Hakuna. "Nani alinichana?"

Macho yote yakaenda kwa msusi wangu mgeni. Dada mpole, hakuwa amekaa nasi sana, lakini mikono yake ni kama cherehani.

"Wewe ni wa wapi?" mteja akamuuliza.

"Kitui, mama."

"Nilijua! Watu wa kamuti!"

Kamuti ndiyo dawa ya uchawi ambayo watu wa mji huu wanatubandika sisi wote wa Ukambani, hata yule ambaye hajui mganga anakaa wapi. Neno hilo likitajwa sokoni ni kama mtu amesema nyoka. Wasusi wangu wengine waliondoa mikono kwa kichwa cha yule mama kama wameshika sufuria ya moto.

"Naita kamati ya soko," mteja akasema akisimama. "Huyu hakai hapa tena."

Safu ya nyuma yetu kulikuwa na mwanamke aliyesemwa hivyo hivyo. Aliondoka amebeba kiti chake kichwani, na hakuna aliyemuuliza kama alifanya ama hakufanya. Na huyu wangu alikuwa na watoto nyumbani wanaongojea mikono hiyo.

"Mama," nikasema, "mimi pia ni wa huko, Machakos. Hiki kichwa nimekishika miaka yote. Nimekuroga lini? Mbona hukondi?"

Msusi mmoja alicheka, akameza kicheko.

"Wewe ni tofauti," mteja akaniambia.

Heri angenitusi. "Tofauti na nani? Na mama aliyenizaa?"

Yule dada alikuwa ameshamwaga mkoba wake mezani, akageuza mifuko ya aproni, akakung'uta leso mbele ya watu. Chanuo, peremende, picha ya mtoto. "Tafuta, mama. Tafuta mwenyewe."

"Nyinyi hamfichi kwa mfuko," mteja akasema.

Sasa mtu atajitetea namna gani hapo? Nywele zikipatikana kwake ni mchawi, na zisipopatikana ni mchawi hodari. Yule dada akaanza kurudisha vitu vyake, polepole, hata hakulia. Akachukua kiti chake akakikunja.

Hapo nikasikia sauti nyembamba nyuma ya rasta. "Ni mimi."

"Toto, nyamaza," mteja akasema bila kugeuka. "Wakubwa wanaongea."

Nikamwona mjukuu wangu. Midomo imekauka, amekumbatia begi la shule. Mdomo wake ulifunguka, ukafungika. Kidogo tu anyamaze kabisa.

Nikapiga meza na chanuo mpaka mafuta yakaanguka. "Hapa kwangu huyu mtoto haambiwi anyamaze! Ongea, mama. Shosho yako anasikia."

Akafungua begi. Akatoa doli lake la plastiki, lile nililomnunulia mitumbani Dagoretti likiwa na upara. Halikuwa tena na upara wote. Nusu ya kichwa ilikuwa imebandikwa nywele na gundi ya shule, nyeusi, laini, zimepangwa vizuri.

"Nilidhani ni taka," akasema, machozi yanashuka. "Si zilikuwa zimetoka? Nilichukua kwa sababu zenyewe ni laini. Za wengine ni ngumu. Sikujua atalaumiwa anti."

Nywele ya mtu juu ya kichwa cha sanamu! Kama doli hilo hilo lingetoka kwa mkoba wa yule dada, nani angemngoja aeleze?

Mteja alilishika na vidole viwili. Akaligeuza. Nusu nywele, nusu upara. Na yeye mwenyewe nusu rasta, nusu msitu. Msusi wa kibanda cha pili, ambaye alikuwa amenyoosha shingo muda huo wote, akapasuka: "Woi! Wamefanana!"

Tukacheka. Tulicheka kama watu waliokuwa wameshikilia pumzi chini ya maji. Mteja alijaribu kukaza uso, ukamshinda.

"Na ulikuwa unaenda naye wapi?" akamuuliza mtoto.

"Nyumbani. Analala na mimi."

Yule mama akaangalia doli tena, akalirudisha. "Haya, kaa nazo. Lakini umuombee huyo doli kila jioni, umesikia?"

Mtoto akaenda kwa yule dada, akamshika aproni. "Pole, anti. Nilitaka kusema mapema. Mdomo ilikataa." Baadaye aliniambia, "Shosho, yule msichana wa kitabu si mjinga."

Mteja alikuwa bado amesimama na nusu kichwa. Kurudi mjini hivyo haiwezekani. Akakaa. Wasusi wangu wakasogea, lakini akawazuia kwa mkono.

"Huyu ndiye aendelee," akasema, bila kumtazama usoni yule dada wa Kitui. Neno samahani halikutoka, na mimi sikulingoja.

Dada akakunjua kiti chake. Akagawa nywele, akashika, akavuta. Alivuta! Nyusi za yule mama zilipanda zikakaribia kwenda nyumbani bila yeye. Sote tuliona, tukaangalia pembeni.

"Inauma, mama?" dada akauliza, kwa heshima zake zote. "Nilegeze?"

"Wacha hivyo," mteja akasema, machozi yakimlenga. "Ni sawa."

Kisha dada akalegeza mwenyewe.