Swali la Saba

Mdogo wangu Modest ni mtu wa karatasi. Akienda dukani kununua chumvi na sabuni, ataandika chumvi na sabuni. Kwa hiyo alipoamua kufuga ng'ombe wa maziwa sikushangaa kuona amejaza nusu ya daftari kabla hajachimba hata shimo la nguzo ya kwanza ya banda. Nilimwambia, "Wenzako watakamua ng'ombe, wewe utakamua daftari." Alicheka. Mwaka ule alikuwa anacheka kwa lolote.

Sababu ya kucheka ilikuwa Eva, mke wake. Walikuwa na miaka tisa ya ndoa, na kwa miaka yote hiyo nyumba yao hapa Nangwa haikuwa na mtoto. Watu walishasema waliyosema, wakachoka. Mwezi wa pili Eva aliniita jikoni kwake, akafunga mlango, akaniambia ana mimba ya miezi miwili. Nililia kabla yake. Mimi ni wifi yake mkubwa, nimezaa watano, na kila nilipopita mbele yake na mtoto mgongoni nilijiona kama mwizi.

Modest alikuwa kibarua kwenye mashamba ya ngano huko Basotu, anarudi kwake mwisho wa mwezi. Akaacha. Akauza ng'ombe wake watano wa kienyeji ili anunue chotara mmoja, akasema mtoto wake atazaliwa akute maziwa nyumbani na baba nyumbani. Alipanda majani ya kulishia, mabingobingo, pembeni mwa mahindi, akatafuta mashudu ya alizeti, akajenga banda lenye sakafu ya saruji ambalo, nisiseme uongo, lilikuwa safi kuliko jiko langu. Alihudhuria semina ya siku mbili Katesh. Huko afisa mifugo wetu, kijana wa Tanga anayeitwa Idd, aliwapa maswali kumi ya kumuuliza mtu anayekuuzia ng'ombe. Modest aliyanakili yote kwa mwandiko wake wa shule.

Mwezi wa nne tukapanda Mbulu, yeye na mimi. Alinichukua kwa sababu ng'ombe nawajua. Marehemu baba alinifundisha mimi, maana huyu mwingine siku zote alikuwa anaandika.

Tulielekezwa kwa mzee Lameck, mtu wa kanisa, mwenye mvi na sauti ya polepole. Tulimwamkia, akatuuliza habari za Nangwa, za mvua, za ukoo wetu. Tulikula ugali na maziwa ya mgando. Kwetu huendi kwa mtu ukaanza na ng'ombe. Ng'ombe anakuja mwisho, kama vile umemkumbuka tu.

Alikuwa mweusi mwenye mabaka meupe, ana mimba ya miezi mitano na bado anakamuliwa. Nilimshika kiwele baada ya kukamuliwa, kilikuwa kimelegea vizuri, hakina uvimbe. Chuchu nne zinatoa sawasawa. Mishipa ya maziwa tumboni imejaa, miguu ya nyuma imeachana, meno ya ng'ombe ambaye hajazeeka. Tuliomba kumwona mama yake, tukaonyeshwa. Nilimkonyeza Modest kwamba huyu ndiye.

Yeye akafungua daftari. Nilimwona mzee anatabasamu kidogo, lakini alijibu kila kitu kwa heshima. Anatoa lita ngapi asubuhi na ngapi jioni? Amezaa mara ngapi? Alipandishwa na dume au kwa sindano? Anakula nini? Amechanjwa nini? Anapiga teke? Modest alikuwa anafuata mistari kwa kidole, nami nilikuwa nimesimama begani kwake. Kidole kikafika kwenye swali la saba. Niliona kinasimama. Halafu kikateremka hadi la nane.

Swali la saba lilikuwa hivi: Ng'ombe huyu amewahi kutupa mimba?

Ngoja nieleze, maana asiye wa kwetu atatuona wajinga. Wazee wetu waliitenga nyumba iliyoharibikiwa mimba. Watu wa nyumba hiyo hawakuchota maji na wenzao, hawakuomba moto kwa jirani, hawakukaa kwenye pombe, mpaka siku zao ziishe. Siku hizi sisi ni Wakristo, hatumtengi mtu. Ila njia bado tunabadilisha, tusipite mlangoni kwake. Na ng'ombe akitupa, watu hawaishii kumtazama ng'ombe, wanaitazama nyumba nzima. Sasa umlie mzee ugali wake, halafu usimame zizini mwake umuulize swali kama hilo? Ni sawa na kumuuliza kama boma lake ni chafu. Idd ametoka Tanga, kwake ni swali la ng'ombe tu.

Kwa hiyo Modest aliruka, na mimi nikaona anaruka, nikashukuru kimoyomoyo kwamba mdogo wangu ana adabu.

Ng'ombe alishuka kwa gari la mizigo. Kwa wiki kadhaa nyumba ile ilikuwa na raha ambayo sijaiona tena. Eva alikuwa anamkamua mwenyewe, anakunywa kikombe papo hapo, kikiwa na joto na povu. Mimi ndiye niliyemwambia anywe. Nilimwambia maziwa mabichi yanampa mtoto mifupa.

Mwezi wa sita, siku moja mchana, Modest alikuwa ameenda Katesh kutafuta pumba, nami nilikuwa shambani. Ng'ombe akatupa. Ndama alikuwa ameshaota manyoya mepesi, amekufa. Kondo la nyuma likakataa kutoka, linaning'inia, na Eva akaogopa kwamba tukimpoteza na ng'ombe mwenyewe tumekwisha. Alipandisha mikono ya gauni, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akavuta taratibu mpaka likatoka lote. Nilipofika alikuwa amekaa chini, tumbo lake mbele yake, damu hadi begani, ananiangalia kwa fahari. "Nimemwokoa, wifi," aliniambia.

Nilimsifu. Nilimletea maji ya kunawa, na nikamsifu.

Modest aliporudi, jambo la kwanza aliuliza, "Nani ameona?" Hakuna aliyeona. Alimzika ndama nyuma ya lundo la mbolea, akatuambia neno hili lisitoke. Siyo kwamba ni mtu mbaya. Alikuwa anafikiria mke wake mwenye mimba katika nyumba ambayo watu wataanza kuikwepa. Idd alipopita na pikipiki yake akauliza ng'ombe wetu wa semina anaendeleaje, Modest alimjibu, "Salama kabisa, bwana mifugo." Idd akaendelea na safari zake.

Baada ya wiki tatu Eva akaanza homa. Ilikuwa homa ya ajabu, jioni inapanda, asubuhi imeondoka, jasho linalowesha shuka, magoti na kiuno vinauma kama mtu aliyelima ekari. Kipimo cha malaria kwenye zahanati ya kijiji hakikuonyesha kitu. Akapewa dawa za kutuliza, akarudi, homa nayo ikarudi. Mtoto alikuwa anacheza bado. Eva alikuwa ananishikisha tumbo lake kila asubuhi, nami nilikuwa nahesabu miezi kwa vidole: saba, bado miwili.

Nikampeleka kituo cha afya kikubwa zaidi. Daktari alikuwa mama mmoja mgeni, ametoka Bukoba, mtu wa maneno machache. Eva alilazwa kwenye kitanda cha kupimia, hana nguvu ya kuongea, na chumba kilikuwa kimejaa. Kwenye benchi, hatua mbili tu kutoka kwetu, alikaa Eufrasia, jirani yetu wa Nangwa. Eufrasia akisikia jambo saa nne, saa sita linajulikana mpaka kijiji cha Gendabi.

Daktari akanigeukia mimi. "Mama, nyumbani mnafuga?"

"Tunafuga."

"Kuna mnyama yeyote ametupa mimba miezi ya karibuni?"

Nilimwona Eufrasia anainua kichwa.

"Hapana," nikasema.

Akaniuliza tena, polepole, kama mtu anayekupa nafasi. "Una uhakika, mama? Kwa sababu kama yupo, kuna kipimo nitafanya, na dawa ni nyingine."

"Hapana, daktari. Wote wazima."

Akaandika. Hakuwa na sababu ya kutoniamini, mtu mzima na kanga zangu mbili.

Kila mtu anaijua ile methali, mficha uchi hazai. Nimewachapa nayo wanangu tangu wadogo. Siku ile nilikaa na methali yangu mdomoni, nikauficha uchi ambao hata haukuwa wangu.

Siku kumi na mbili baadaye mtoto aliacha kucheza. Eva alijifungua asubuhi, mtoto wa kike, amekamilika vidole vyote, amekufa. Modest alimbeba mwenyewe hadi kaburini, hakukubali mtu amsaidie. Waliokuja kuzika walikuwa wachache. Wengine walipita njia ya juu.

Tulipotoka kaburini Modest alikwenda moja kwa moja kwa Idd akamwambia kila kitu, kuanzia swali la saba. Idd hakumgombeza. Alikuja kutoa damu ya ng'ombe, na majibu yaliporudi yalikuwa kama alivyodhani: ugonjwa wa kutupa mimba, unaotoka kwa ng'ombe ukaingia kwa mtu kwa maziwa mabichi na kwa mikono. Alituambia ndiyo maana aliliandika lile swali. Ng'ombe akauawa, akazikwa kwenye shimo refu. Eva naye alipimwa, akaanza vidonge na sindano za wiki sita. Zile dawa nyingine.

Modest alikwenda Mbulu peke yake. Nilidhani ataenda kupigana na mzee Lameck. Alirudi kesho yake, akakaa kwenye hori tupu. Mzee alikuwa amekiri bila kusukumwa: ng'ombe yule alishatupa mara moja kwake, na mkwe wake pia aliharibikiwa mimba mwaka uleule. Hakujua habari za ugonjwa. Aliona ni mkosi, akauza mkosi. Akamwambia Modest, "Mwanangu, ungeniuliza ningekujibu. Nilisubiri uniulize." Kisha mzee akalia.

"Unamwamini?" nilimuuliza Modest.

"Namwamini, dada."

Mimi pia namwamini, na heri ningeweza kutomwamini.

Nilikaa na langu mwezi mzima. Modest alikuwa anajilaumu kwa daftari lake, na mimi nilimwacha ajilaumu, kwa sababu hakujua niliulizwa nini kule kituo cha afya. Eufrasia alijua niliulizwa, lakini hakujua ukweli. Nilikuwa peke yangu na neno langu moja. Mwisho nilishindwa kula. Nikaenda kwa Eva asubuhi, nikamkuta anaanua shuka kwenye kamba kwa mkono mmoja, maana ugonjwa ulimwachia maumivu kwenye bega la pili. Nikamwambia nina jambo. Nikamweleza daktari aliniuliza nini na nilijibu nini, na kwamba aliniuliza mara mbili.

Hakuacha kukunja shuka. "Nilikusikia, wifi," alisema. "Nilikuwa macho."

Sikuelewa. "Ulisikia? Mbona hukusema?"

"Ulishajibu wewe. Wewe ni mkubwa. Ningekuambiaje mbele ya watu kwamba umesema uongo?"

Alisema hivyo bila hasira, nami nilitamani anitukane. Nilikaa chini pale pale kwenye majani. Alimaliza shuka zake, akaziingiza ndani, akarudi kuniuliza kama nitakunywa chai.

Ananiamkia vizuri mpaka leo, na nikiumwa huniletea uji. Mtoto yule walimpa jina, nimesikia alipewa siku ileile kabla ya kuzikwa. Modest analijua, na padri analijua. Mimi Eva hajaniambia.