Tulimwambia Mambo, Akatujibu Poa

Eti salamu haishushi gunia. Hayo maneno ya bosi wangu, mwenye mashine ya kukoboa mpunga hapa mtaa wa Viwanja Sitini, na nyie mnaoyacheka nawajua. Sawa, haishushi. Sasa kaa nikwambie nani alikuwa anayashusha hayo magunia, halafu ndo ucheke.

Alikuwa baba mtu mzima, kuli wetu. Miaka minne mimi naendesha mashine, miaka minne yeye anabeba. Pumba zinaruka, zinamkaa kwenye nyusi na ndevu, huwezi kujua hizi mvi au vumbi. Kichwani alivaa barakashia iliyooza kwa jasho, kuzuia pumba zisiingie kwenye nywele. Umri wa baba yangu kabisa. Nyumbani ningempita baba bila shikamoo, ningelala nje. Huyu nilikuwa namwambia, "Mambo, kuli." Ananijibu, "Poa." Kila siku poa. Na ukiambiwa mambo, hata uwe unakufa, utajibu nini zaidi ya poa?

Kulikuwa na mama mmoja wa Kiberege anayeleta mpunga wake kwetu. Akishuka kwenye gari anamwendea kuli kwanza, kabla hata ya bosi, wanaongea wee, sisi tunamtania mzee kwamba kapata mchumba. Anacheka na sisi.

Ijumaa moja alikuwa akibeba gunia anaegemea ukuta, akibeba lingine anaegemea. Nikamfokea mbele ya wateja, nikamwambia mashine haimsubiri mtu. Akabeba.

Jumamosi hakuja. Bosi akasema kalewa. Jumapili hatufungui. Jumatatu asubuhi jirani yake wa chumba akaja kutuambia wamevunja mlango, wamemkuta keshakufa, na hawamjui ndugu yake hata mmoja.

Tukakaa pale mashineni, wanaume wazima. Jirani anauliza jina lake nani, tunatazamana. Anauliza dini. Nikajibu mimi, kwa kujiamini: Muislamu, si anavaa barakashia? Wazee wa msikiti wakaja kwa wema wao, sanda ikaletwa, vijana wakaanza kuchimba. Mchana yule mama wa Kiberege akashuka na mpunga wake, akatukuta. Hakulia. Akauliza nani kasema huyu Muislamu. Wakaninyooshea kidole.

"Kila nikifika namwambia Tumsifu Yesu Kristo, ananijibu Milele amina. Wewe mwanangu unashinda naye kutwa, ulikuwa unamwambia nini?"

Mimi ni mtu wa kugombana, watu wananijua. Siku ile nilimvutia mama kiti akae. Mama akaendelea: akatuambia jina lake la ubatizo, kwamba alikata miwa Kidatu mpaka mgongo ukamshinda, kwamba ana binti kulekule. Na kwamba wiki iliyopita alipomuuliza ameamkaje, mzee alimwambia kifua kinambana, hata kulala halali. Yeye anakuja mara moja moja, akaambiwa. Mimi niliyekuwa hatua tatu toka kwake niliambiwa poa.

Wazee wa msikiti wakakunja sanda yao bila neno baya, wakabaki kuzika na sisi. Msalaba niliuandika mimi, kwa rangi ileile tunayoandikia magunia, jina ambalo nilikuwa na saa mbili tu tangu nilijue.

Binti alitafutwa akapatikana, ila mwili haukuwa wa kusubiri. Alifika tumeshafukia. Akaniuliza baba yake alisema nini mara ya mwisho.

"Alisema poa," nikamjibu.

Akaniangalia sana. "Baba yangu hakuwa anaongea hivyo."

Sasa kuna kuli mpya. Juzi nilisimamisha mashine nikamwamkia, nikamuuliza kwao wapi, kalalaje, kifua chake kikoje. Ndo bosi akatoa hilo neno lake la gunia, wateja wakacheka, na wewe ukacheka nao. Nilitaka kumrukia mtu. Nikakumbuka Ijumaa ile nilimrukia nani.

Basi nijibu wewe unayejua kucheka: huyo anayefagia mlangoni kwako, asipoamka kesho, utasema azikwe kwa jina gani?