Kimea Ndani ya Chupa ya Chai ya Baba Mkwe

Jambo hili mke wangu huwasimulia wageni kabla hata hawajakaa vizuri, kwa hiyo afadhali nilisimulie mwenyewe, maana akilisimulia yeye naonekana mjinga kuliko nilivyokuwa, na ujinga niliokuwa nao siku ile ulitosha.

Nilikuwa mwalimu kijana hapa Nyaishozi, Karagwe, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nimemchumbia Paulina, binti wa Mzee Kaijage, mfanyabiashara aliyetoka Muleba, mzee wa kanisa wa Kilutheri aliyeamini kwamba rubisi (ile pombe yetu ya ndizi) ndiyo mlango wa mbele wa jehanamu. Jumamosi hiyo wazee wa usharika walikuwa wakutane kwake waamue kama ndoa yetu itangazwe kanisani kesho yake, au nichunguzwe zaidi. Na wiki hiyohiyo mimi nikaona nifundishe jinsi viumbe wanavyopata nguvu kutoka kwenye chakula.

Kuchora ubaoni kungetosha. Lakini nilitaka watoto waguse wenyewe: ukitia mtama unaoota kwenye chupa ya chai, na kwenye chupa nyingine ukatia mtama uliochemshwa, ule unaoota utapata joto na uliochemshwa utabaki baridi, kwa sababu mbegu hai inavuta hewa na kuunguza chakula chake polepole ndani ya seli (vile vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho), bila moto wala moshi, na nguvu inayopatikana ndiyo inayosukuma mzizi utoke, na nyingine inapotea kama joto. Shule ilikuwa na chupa moja. Ya pili nikaiazima kwa Mzee Kaijage.

Somo lilikwenda vizuri, sitaki kudanganya. Watoto waligusa wakashangaa, nami nikajiona mtu, nikaamua kuuacha ule mtama unaoota humohumo kwenye chupa ya mzee ili Jumatatu niwaonyeshe darasa lingine, na ili panya wasiufikie nikatoa pamba niliyozibia mwanzo, nikakaza kizibo. (Mbegu ikinyimwa hewa haifi papo hapo, inatafuta njia nyingine ya kuishi, inaanza kuchacha. Hili nililifundisha mwenyewe, kwa sauti kubwa.)

Jumamosi mchana nimeshuka mtoni kuoga, ninukie vizuri mbele ya wazee, Paulina akapita kwangu kuchukua chupa yao ya wageni. Akaikuta dirishani, nzito. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, kwa hiyo akajua nimetia uji au asali ya shukrani, na kwa kuwa si adabu kuchungulia zawadi ya baba yake, hakufungua.

Nilipofika nikawapa wazee shikamoo mmoja mmoja, na nilipoinua macho nikaiona chupa mezani. Mzee Kaijage alikuwa anawaambia wenzake kwamba mwalimu ana adabu, karudisha chombo na kitu ndani, kisha akaiinamisha juu ya kikombe cha Mzee Zakaria, mkubwa wao, anayesifika kwa kuwabana walevi maswali. Hakikutoka kitu. Akaipiga kitako. Likaanguka bonge la mtama, mizizi imesukana, na harufu kali ya uchachu ikajaa chumba kizima.

Karagwe yote, kimea cha mtama kina kazi moja tu, kutiwa kwenye rubisi, na hilo hata mtoto analijua.

"Mwalimu," akasema Mzee Kaijage bila kunitazama, "unapika pombe kwenye chupa ya wageni wangu?"

Nikaeleza. Nikaeleza hewa, nikaeleza seli, nikaeleza joto, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mtu anayeijua kazi ya pombe barabara. Aibu ilinijaa mpaka masikio yakawaka. Mwisho nikasema haya, guseni, mtaona ni mbegu inaishi tu.

Mzee Zakaria akalichukua lile bonge, akaliminya, akalinusa, halafu akasema taratibu, kama mtu aliyesahau yuko wapi:

"Kimea hiki kimekosa hewa. Kwa joto hili, kingekuwa kimeshaanikwa juani tangu jana."

Wazee wakamtazama, yeye akatazama kikombe chake. Mama Paulina, aliyekuwa anaingia na sinia la ndizi, akageuka akarudi jikoni. Mzee Kaijage akarudisha kizibo na kusema tuombe, akaomba kwa muda mrefu sana, akituombea msamaha sisi sote, na hiyo "sote" akaikazia.

Jumapili ndoa ikatangazwa. Sikuulizwa swali hata moja, na nasikia aliyekubali kwanza alikuwa Mzee Zakaria.

Ile chupa tulipewa siku ya harusi, kwa kuwa nyumbani kwao hakuna aliyetaka tena kuinywea, na kwetu pia iko kabatini tu. Tangu hapo somo lile nalifundisha kwa chaki, na chombo cha mtu nakirudisha kimeoshwa, kiko wazi, kitupu. Majirani wanasema nina mkono wa birika. Waseme.