Vidole vya Mzee Pasi

Mzee Pasi alikuwa ameshaaga, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Alizunguka mtaa mzima mlango kwa mlango, kama inavyompasa anayekwenda Hija, akiomba radhi kwa kila aliyepata kumkosea. Na dobi wa miaka thelathini na tisa ana wengi wa kuwaomba radhi. Alimwomba mwalimu mstaafu radhi ya shati lililoungua kifuani kwa umbo kamili la pasi. Alimwomba fundi viatu radhi ya suruali iliyoingia ndefu ikatoka kaptula. Alimwomba mjane wa nyumba ya kona radhi ya shuka ambalo, wallahi, hata yeye hakujua lilikokwenda. Wote walimsamehe, wengine wakicheka, wengine machozi yakiwalengalenga, na karibu kila mmoja akamwachia dua ya kumwombea huko aendako. Alizinakili zote kwenye daftari la shule. Zilifika hamsini na tatu.

Sasa siku zilikuwa zinapita, na yeye yuko palepale barazani kwake, amekalia kigoda.

“Ala, Mzee, hujaondoka tu?” wapita njia walimuuliza.

“Bado kidogo,” alijibu. Mtu ukishaagwa, kila siku unayoongeza ni kama umekaa kwa watu bila kukaribishwa.

Chanzo cha yote ni mashine moja ndogo, haizidi ukubwa wa kopo la maziwa, iliyokuwa juu ya meza ya karani katika ofisi ya safari. Kila hujaji alitakiwa aweke vidole vyake kumi juu ya kioo chake ili apate viza. Mkewe alianza. Aliweka vidole, mashine ikalia ti!, taa ya kijani ikawaka, basi. Mzee Pasi akakunja mikono ya kanzu, akaweka vyake. Taa ikawa nyekundu.

“Bonyeza kidogo, baba,” karani alisema. Alikuwa dada mpole, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea na wazee.

Akabonyeza. Nyekundu.

“Futa jasho.”

Akafuta. Nyekundu. Wakajaribu mkono wa kushoto, wakajaribu kimoja kimoja, wakapangusa kioo, wakazima mashine wakaiwasha tena. Mwisho karani aliushika mkono wake, akaugeuza kwenye mwanga.

“Mzee wangu, unafanya kazi gani?”

“Mimi dobi.”

“Ndiyo maana. Alama zimekwisha.”

Mzee Pasi aliviangalia vidole vyake kana kwamba ndiyo kwanza wanatambulishana. Ni kweli, ncha zake zilikuwa laini kama kipande cha sabuni kinachokaribia kuisha. Soda ya kufulia, dawa ya madoa na miaka thelathini na tisa ya kusugua kosi za watu vilikuwa vimeondoka na kila mstari aliozaliwa nao.

“Kwa hiyo mimi si mtu?” aliuliza.

“Mtu ni mtu, baba. Ila mashine haikuoni.”

Ukitaka kujua jinsi maneno hayo yalivyomchoma, ujue kwanza alivyokuwa akifanya kazi. Kila nyumba mtaani ilikuwa na alama yake. Kwa mwalimu ni uzi mwekundu, mishono miwili nyuma ya ukosi. Kwa kinyozi ni buluu, msalaba mdogo. Alishona alama hizo kwa mkono wake, na tangu aanze utaratibu huo hapakupotea hata leso. Shuka la mjane lilipotea kabla ya hapo, au ndivyo alivyojitetea. Na leo mwenye kuwawekea watu wote alama, yeye mwenyewe hana.

Karani alimpa wiki mbili. Kama ataipumzisha mikono, asiguse sabuni wala soda, aipake mafuta asubuhi na jioni, huenda mistari ikarudi kidogo. Arudi Jumatatu ya pili. Ndiyo siku ya mwisho, maana Jumanne majina yote yanapelekwa, na atakayekosekana atasubiri mwakani. Mzee Pasi alikuwa na miaka sitini na nane. Mwakani kwake lilikuwa neno la kusemwa na inshallah mbele na nyuma.

Basi zikaanza wiki mbili za ufalme asioutaka. Mabeseni yalifunikwa kifudifudi uani. Vikapu vya wateja vikaelekezwa kwa dobi mwingine, mwenye mashine ya kufulia, mtu ambaye Mzee Pasi alimwita “mchemsha nguo” na hakutaka kusikia habari zake. Mkewe alimpaka mafuta ya nazi, akamvisha soksi za pamba mikononi, akamlisha, akamfunga vifungo. Alichoruhusiwa kugusa kilikuwa maji ya kutawadha tu. Mzee mzima alikaa na mikono mapajani kama bibi harusi, na kwa kuwa mikono imefungwa, mdomo ukafanya kazi ya viungo vyote.

Mabegi mawili yalikuwa wazi kitandani. Binti yao, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa likizo, alishika orodha ya vitu na kuviita kama anavyoita mahudhurio darasani. Ndara zisizofunika kifundo. Mkanda wenye mfuko. Mwavuli. Dawa za presha. Kijimfuko cha kuokotea vijiwe. Sabuni isiyo na manukato.

“Hiyo niliipika mwenyewe,” alisema Mzee Pasi kutoka kwenye kiti. “Ipo kwenye kopo. Na hiyo kanzu ikunje mara tatu, si nne.”

“Baba, mimi nimekunja nguo zako miaka arobaini,” mkewe alisema. Walikuwa wakiitana Baba na Mama tangu mtoto wa kwanza.

“Ndiyo maana nimevaa makunyanzi miaka arobaini.”

Binti alicheka mpaka akakaa chini. Mama mtu alimrushia mumewe soksi ya akiba. Zilikuwa siku za kucheka hivyohivyo, kicheko juu na hofu chini, na kila asubuhi kabla ya chai wote watatu walikwenda dirishani kuangalia vidole.

Siku ya kumi walirudi ofisini kujaribu. Mkono wa kushoto ulikubali wote, na wa kulia ukakubali vidole viwili. Mzee Pasi alipoiona taa ya kijani alisema “Alhamdulillahi” kwa sauti hata watu wa ofisi ya pili wakachungulia.

“Lazima vichukuliwe vyote kwa mara moja, kwa hiyo vya leo havihesabiki,” karani alisema, lakini naye alikuwa anatabasamu. “Jumatatu vitakamilika, inshallah. Usiguse tu sabuni, baba yangu.”

“Sabuni? Hata jina lake nimelisahau.”

Jumapili mkewe na binti yake walikwenda msikitini kwenye mafunzo ya mwisho ya mahujaji wanawake. Mzee Pasi alibaki peke yake na mabegi. Ihramu yake, zile shuka mbili nyeupe zisizoshonwa, ilikuwa juu kabisa. Walikuwa wameinunua miaka mitatu nyuma, walipoandikisha majina, ikakaa sandukuni mpaka wiki hiyo. Akaishika kwa mikono yake ya soksi, akaifungua barazani penye jua, apate tu kuiona.

Kwenye mkunjo, kutoka pindo hadi pindo, palikuwa na mstari wa rangi ya chai.

Mkewe alikuwa ameifua, ndiyo, akaifua vizuri kama mtu yeyote wa kawaida anavyofua. Lakini Mzee Pasi hakuwa mtu wa kawaida mbele ya doa. Kila mwaka mahujaji wa mtaa wakirudi walimletea ihramu zao, na yeye alizirudisha nyeupe hata wenyewe wakazitilia shaka kama ni zao. Leo zamu yake aende mbele ya Mola wake na mstari wa chai mgongoni? Alikaa. Akasimama. Akaiangalia tena kwa upande, akitumaini ni kivuli.

Akajiambia ataigusa pembe moja tu, kwa vidole viwili.

Alivua soksi. Akalifunua beseni. Pembe ikatoka safi, na hapo ndipo alipopotea, kwa sababu pembe moja ikitakata, mahali pengine pote panaonekana pachafu. Akaongeza soda. Akaongeza dawa ya madoa. Nguo ikilowa doa halionekani vizuri. Dobi wa kweli halitazami, analisikia kwa vidole, anaposugua, mpaka kitambaa kinapoacha kuteleza na kuanza kukwaruza. Alisugua akilisikia likiondoka, akaimba kidogo bila kujua anaimba nini. Baada ya siku kumi na tatu za kulishwa na kufungwa vifungo, ilikuwa saa moja ya kuwa mtu tena. Aliisuuza mara tatu, akatia buluu kidogo ya kung'arishia, akaianika. Ilimwumiza macho kwa weupe.

Alipogeuka kufuta mikono aliona ngozi changa ya vidole vya kulia imemenyuka, imebaki na wekundu mtupu.

Mkewe aliingia uani akiwa bado na mkoba mkononi. Aliitazama kamba, akamtazama yeye. Hakupiga kelele, na bora angepiga. Alimshika mikono, akainusa, akaketi juu ya beseni lililofunikwa.

“Baba,” alisema. “Siku moja. Ilibaki siku moja.”

“Ilikuwa na doa, Mama.”

“Doa ningelivaa mimi.”

Jirani yao kinyozi, aliyekuja kuuliza kulikoni, alisikia habari yote akabaki anatikisa kichwa. “Kinyozi hajinyoi, Pasi. Mimi kila mwezi nakwenda kwa mwenzangu ananinyoa vibaya, navumilia. Si ungeniita?”

“Wewe unajua kufua?”

“Sijui. Lakini vidole vyangu vipo.”

Waliihangaikia mikono usiku kucha, mafuta, asali, kila walichoambiwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Jumatatu taa ilikuwa nyekundu mara kumi, ikawa nyekundu mara ishirini, na safari hii hata mkono wa kushoto ulikataa. Karani alipangusa kioo mpaka hapakuwa na cha kupangusa. Alimwandikia ombi la kusamehewa alama, akalituma mbele yake, akamwambia jibu likija atampigia simu hata kama ni alfajiri. Mzee Pasi alikaa na simu mapajani Jumanne nzima, Jumatano nzima. Iliita mara moja. Alikuwa mteja anauliza suruali yake.

Alhamisi karani alipiga mwenyewe. Jibu halikuja, na orodha imefungwa.

“Basi na mimi siendi,” mkewe alisema, akaanza kutoa vitu begini.

Mzee Pasi alivirudisha. Yeye akitoa, mwenzake akirudisha, mpaka kofia ya kujikinga na jua ikaingia na kutoka mara nne. “Ukibaki, tutakuwa tumekosa wawili kwa doa moja,” alimwambia. “Utakuwa na wanawake wa kundi lenu. Nenda, Mama. Usinibebeshe na la kwako.” Mkewe akaacha kutoa.

Yeye ndiye aliyemalizia kulifunga begi. Alikunja kila nguo mara tatu. Ndani ya ukosi wa kila baibui alishona uzi wa kijani, mishono mitatu, alama ambayo hakuwahi kumpa mteja yeyote, ili nguo za mkewe zisipotee katika nguo za watu milioni. Vidole vilimwuma kwa sindano.

Asubuhi ya safari basi la mahujaji lilisimama mbele ya msikiti. Mtaa mzima ulikuwepo, wale wale aliowaaga, na sasa wote wakijifanya kutazama mabegi. Ni mjane tu aliyemjia, akamshika bega, akasema, “Shuka langu nimekusamehe tena,” na Mzee Pasi akacheka bila kupenda.

Mkewe alikuwa dirishani na lile daftari. Alikuwa analipekua, karatasi baada ya karatasi, kisha akarudi mwanzo.

“Baba, ziko hamsini na tatu. Yako iko wapi?”

“Sikuandika.”

“Kwa nini?”

“Si nilikuwa naenda mwenyewe? Ya kwangu ningejisemea.”

Mkewe aliufunika mdomo kwa ncha ya ushungi. Dereva alipiga honi. “Sasa nikuombee nini? Sema haraka.”

Alifungua mdomo. Kulikuwa na mengi sana, akawa bado anachagua la kutanguliza. Basi likaanza kwenda, akatembea nalo hatua tano, sita, mkono juu ya bati lake, kisha likamwacha.

Nyumbani alikuta kikapu cha kwanza mlangoni, mashati ya mwalimu. Na juu ya beseni, binti yake alikuwa amemwekea glovu za mpira, nyekundu, ndefu mpaka viwikoni.

“Kuanzia leo, Baba, mpaka mwakani. Hata siku moja usizivue.”

Alizivaa. Akamimina maji, akatia mikono, na hakujua kama ni ya moto au ya baridi. Akachukua shati, akatafuta uzi mwekundu nyuma ya ukosi, akaanza kusugua doa la mafuta kifuani. Alisugua muda mrefu. Akasimama, akasugua tena, akainamisha kichwa kana kwamba atalisikia kwa sikio. Mwisho akainua shati linalochuruzika, akaita ndani.

“Mwanangu, hebu njoo unishikie hapa kwa vidole vyako. Limetoka?”