Samaki wa Jumamosi na Mkono wa Mjukuu Wangu

Alhamisi jioni mjukuu wangu aliniambia kuna mwanamume amemwalika kula. Karani wa serikali, mtu wa kuja, kaletwa hapa kwetu Mocímboa kikazi kutoka Nampula. Wangekutana Jumamosi baada ya magharibi kwenye mgahawa wa karibu na bandari, na kurudi mapema. Samaki ameshaagizwa, maana pale usipowahi kuagiza utakula mchuzi wa jana. Nikamuuliza atavaa nini. Akasema nguo ya nini, haendi.

Sababu niliijua. Mkono wake wa kulia uliungua mafuta akiwa na miaka minne. Vidole vimekunjamana, haviwezi kukusanya tonge, kwa hiyo anakula kwa kushoto. Nyumbani kwetu hakuna anayegeuka kumtazama. Lakini mbele za watu, msichana wa Kiislamu anayepeleka mkono wa kushoto kinywani huonekana hakulelewa. Na huyu ni mwalimu! Anaandika ubaoni kwa mkono huo huo na mistari yake imenyooka kuliko ya mwalimu mkuu. Mimi niliyesoma miaka miwili tu huwa napita nyuma ya darasa lake kwa makusudi, nijidai.

Akanipa mpango wake: atamwambia karani watembee tu ufukweni, wanywe soda, basi. Nikamwambia mwanamume aliyeagiza samaki ukimpa soda atadhani una tumbo bovu.

Ijumaa mchana nikavaa kanga mpya nikaenda kuukagua huo mgahawa. Maisha yangu yote sikuwahi kukaa mgahawani. Mimi ni wa kuuza bajia nje. Nikaagiza chai. Nikajaribu viti vitatu, viwili vinayumba. Nikachagua meza ya pembeni, ambayo ukikaa pale wapita njia wanakuona mgongo tu. Meza ya jirani walikuwa wanakula watu wanne wa ofisini. Nikakodoa macho. Wote wanne wanapeleka chakula kinywani kwa mkono wa kushoto, kwa uma, ule wanaouita garfo, na kulia wameshika kisu. Watu wazima, mashati yamepigwa pasi. Nikaiacha chai nusu, nikarudi nyumbani nusura nikimbie.

"Mke mwenzangu," nikamwita, ndivyo tunavyotaniana, "kule wote wanakula kwa kushoto."

Alicheka mpaka akakaa chini. Garfo anaijua, alisomea ualimu Pemba, mji wa huku kwetu, si kile kisiwa. Kisha akaninyooshea ule mkono wa kulia.

"Na kisu nishike na nini, bibi?"

Kisu sikuwa nimekifikiria.

Nikakaa karibu naye. Miaka yote watu wanasema mtoto aliivuta sufuria mwenyewe, alikuwa mtundu, na mimi nikawaacha waseme. Hata yeye aliamini hivyo. Siku ile nikamwambia kweli: hakuvuta kitu. Niliipua sufuria ya bajia mekoni, nikaiweka chini pale mlangoni, nikaenda ua wa jirani kumalizia umbea. Yeye alikuwa ananifuata. Akajikwaa, mkono ukaingia.

"Mwonyeshe mkono kabla samaki hajaletwa," nikasema. "Mwambie ni mafuta ya bibi yangu. Akiinuka akaondoka, huyo samaki mbebe, tutamla mimi na wewe."

Akachukua ndoo akaenda kuchota maji. Nikadhani nimempoteza.

Kesho yake alasiri alikuja na kilemba mkononi, akainama mbele yangu nimfunge, kama nilivyokuwa nikimfunga alipokuwa mdogo. Nilichukua muda mrefu kuliko kilivyohitaji. Nikamwambia meza ya pembeni, na kiti kinachotazama ukuta ndicho kisichoyumba.

Alirudi watu wakitoka msikitini kuswali isha. Akavua viatu, akakaa mkekani pembeni yangu. Alisema alimweleza karani yote, mkono, mafuta na bibi, kabla hata ya sahani kufika. Yule bwana akasukuma uma na kisu kando, akaomba maji ya kunawa, akaanza kumchambulia miiba ya samaki.

"Anataka kuja kukuona," akasema. "Anakuogopa kidogo."

"Afadhali," nikamwambia.

Nikamshika mkono wa kushoto, nikaunusa. Ndimu, pilipili na samaki, mpaka kiganjani.